Masomo ya Nyumbani: Depo ya treni juu ya meza



Majuma mawili yaliyopita tulizungumza juu ya kaye za vakansi, na wengi wenu mlituletea ulizo moja: mtoto akimaliza kaye yake, afanye nini na mikono yake? Ni ulizo la kweli. Mikono isiyo na kazi hujitafutia kazi, na sisi tunaoishi karibu na njia ya reli tunajua ni kazi gani inayowangoja watoto huko. Wanapanda juu ya mabehewa yaliyosimama. Wanarusha kamba juu ya waya. Na kuna watu wakubwa wanaowaambia wavulana: leteni shaba, tutawapa feza.

Kwa hiyo leo tunawaeleza kazi ambayo tumefanya na watoto kumi na wawili wa kartiye yetu, wenye miaka kumi mpaka kumi na nne, kwa siku za posho sita. Tumejenga depo ya treni juu ya meza, yenye njia tatu za kulaza treni, na juu ya kila njia kuna waya wa umeme unaofanya kazi kweli. Lokomotivu ya bati inachukua moto kutoka kwa waya ule, inatembea, inaingia kulala. Vitu karibu vyote vilitoka katika takataka za nyumba zetu.

Kwa nini treni, na kwa nini waya

Sisi watu wa Katanga tumekua na reli. Njia ya reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910, ikitoka upande wa Sakania. Katika mwaka 1918 ilifika Bukama, na katika mwaka 1928 ilifika Ilebo kwenye mto Kasai. Babu zetu wengi walikuja mjini kwa sababu ya reli ile au kwa sababu ya migodi iliyohudumiwa nayo. Kisha, katika miaka ya 1950, sehemu ya reli ya Katanga iliwekewa waya wa umeme juu yake, wenye nguvu ya volti 25,000. Wakati ule inchi nyingi zilikuwa hazijajaribu umeme wa namna hiyo kwa treni. Umeme wenyewe tunao kutokana na maji yetu: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba.

Basi mtoto wetu anapita chini ya waya ule kila siku akienda masomo, lakini ukimwuliza unafanya nini pale juu, atakujibu: «Ni waya tu.» Mtoto asiyejua kitu hawezi kukiogopa kwa akili. Atakiogopa siku mama anapopiga kelele, na kesho yake atasahau.

Ulaya kuna watu wazima ambao kujenga treni ndogo ni starehe yao ya maisha. Katika Ujerumani, kwenye mji wa Göppingen, kuna kampuni ya Märklin, iliyoanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vidogo vya bati vya kuchezea jikoni za wanasesere. Wamama mtapenda kusikia hili: aliyesafiri kuuza vitu vile alikuwa mke wa mwanzilishi, Caroline Märklin, na mume wake alipokufa katika 1866, yeye ndiye aliyeshikilia kazi mpaka watoto wake wakaweza kuichukua. Treni zilikuja baadaye, katika 1891. Leo wapenzi wa treni ndogo hutumia sana kipimo cha 1 kwa 87, maana yake lokomotivu ya mita 17 inakuwa na urefu wa sentimeta 20 hivi.

Watu hao wana desturi moja iliyotusaidia sana. Chini ya meza, au nyuma ya ukuta, wanajenga depo iliyofichika ambako treni zinangoja zamu yao. Wajerumani wanaita mahali pale «stesheni ya kivuli». Kwa kuwa hakuna anayeitazama, hawahangaiki kuifanya iwe nzuri. Waya wa juu kule unaweza kuwa mnene na nguzo zinaweza kuwa za mbao tupu, ila moto ufike na treni isikwame. Sisi nasi tulichagua kujenga depo kwa sababu hiyo. Haiombi uzuri, inaomba akili.

Vitu tulivyokusanya

Ubao mmoja wa sentimeta 120 kwa 40, na ubao mwingine mdogo wa sentimeta 55 kwa 24. Waya wa chuma wa kufungia uzio kwa ajili ya reli. Vipande vya waya wa shaba vilivyobaki kwa fundi wa umeme wa nyumba, tukavua plastiki yake. Mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa. Mawe ya tochi manne makubwa. Spoki za baiskeli, vifuniko laini vya chuma vya chupa, mkebe wa maziwa, mipira ya kufungia feza, misumari midogo. Na makomeo matatu madogo ya mlango. Makomeo hayo ndiyo yaliyotugharimu zaidi, pamoja na mawe ya tochi.

Kuhusu shaba tuliweka sheria kabla ya kuanza. Kila mtoto aliyeleta waya alikuja na mzazi wake, na mzazi alisema waya unatoka wapi. Sheria hii si ya kumdharau mtu. Katika mji wetu waya wa shaba una bei, na mtoto akisifiwa kwa kuleta shaba bila kuulizwa, tumemfundisha kuiba kabla ya kumfundisha umeme. Mvulana mmoja alifika na waya mzuri, mnene, mpya, bila mzazi. Hatukumwaibisha mbele ya wenzake. Tulimwambia tu: «Rudi na mama yako.» Siku ya posho iliyofuata alirudi na mama yake na bila waya, akapewa kazi ya kupima na kukata mbao. Hatukuuliza zaidi.

Njia ya kujenga

Treni kubwa zikiingia depo zinapita kwenye mahali reli inapogawanyika. Kutengeneza mgawanyo ule kwa mikono ni kazi ngumu, na waya wa juu unapaswa kugawanyika vilevile. Tuliacha kabisa. Tulitumia ubao unaoteleza.

Upande wa kushoto wa ubao mkubwa kuna njia moja tu, imepigiliwa katikati. Upande wa kulia ndipo ubao mdogo unapolala, ukiwa na njia tatu, na kati ya njia na njia kuna sentimeta 8, tukipima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya nyingine. Ubao mdogo unateleza mbele na nyuma kati ya vijiti viwili. Ukiuvuta, njia ya kwanza inakutana na njia ya kushoto. Ukiusukuma kidogo, ni ya pili, kisha ya tatu. Watoto wenyewe walifanya hesabu: ubao wa sentimeta 24 unaotembea sentimeta 16 unahitaji nafasi ya sentimeta 40. Ndiyo sababu ubao mkubwa una upana ule. Hesabu ya masomo ilipata kazi.

Reli zetu ziko mbali sentimeta 5 moja na nyingine. Tulinyoosha waya wa uzio kwa nyundo, taratibu, juu ya jiwe la bapa, na kuushika kwa misumari iliyokunjwa upande wa nje, ili gurudumu lisigonge msumari. Kila gurudumu ni kifuniko cha chuma kilichobanwa juu ya duara la bati lililo kubwa kidogo. Duara hilo linakaa upande wa ndani na kulizuia gurudumu lisianguke kutoka kwenye reli. Rangi ya kifuniko inapaswa kukwanguliwa yote, kwa sababu umeme haupiti kwenye rangi.

Sasa waya wa juu. Kila mwisho wa ubao mdogo tulisimamisha fremu ya mbao kama mlango usio na ukuta: miguu miwili na kijiti cha juu. Kutoka fremu mpaka fremu tulivuta waya tatu, kila mmoja juu ya katikati ya njia yake, sentimeta 12 juu ya reli. Mti mkavu haupitishi moto wa mawe manne ya tochi, basi fremu inaweza kubeba waya tatu bila kuziunganisha. Upande wa kushoto tulifanya vilevile kwa waya mmoja.

Waya ukilegea, treni inakwama. Kwa hiyo waya wa njia ya kushoto tulioupitisha mwisho wake juu ya msumari na kuning'iniza chupa ndogo ya mchanga. Mkienda karibu na stesheni, tazameni nguzo za mwisho za waya: mara nyingi mtaona uzito wa chuma au wa saruji unaning'inia. Ni kazi ileile. Jua likiwaka, waya unarefuka. Uzito unashuka na kuuvuta, waya unabaki sawa. Juu ya ubao mdogo tulitumia mpira wa kufungia feza.

Mahali bao mbili zinapokutana, waya unakatika. Lazima ukatike, la sivyo ubao hautateleza. Tuliacha nafasi ya nusu sentimeta tu, na ncha za waya tulizipinda juu kidogo kama pua ya mtumbwi, ili mkono wa lokomotivu usinaswe. Mkono huo, ambao wafanyakazi wa reli wanauita pantografu, tuliutengeneza kwa waya unaorudi kama springi, wenye vijiti viwili vya shaba juu yake, kimoja sentimeta 2 nyuma ya kingine. Kijiti cha kwanza kikiwa katika nafasi tupu, cha pili bado kinagusa. Treni haizimiki njiani. Pantografu nyingi za treni kubwa zina vijiti viwili vilevile.

Umeme unapita wapi

Hapa tuliwaomba watoto wafuate kwa kidole. Umeme unatoka kwenye mawe ya tochi, unakwenda kwenye waya wa juu, unashuka kwa pantografu, unaingia kwenye mota, unatoka kwenye mwili wa bati wa lokomotivu, unapita kwenye spoki na magurudumu, unafika kwenye reli, na reli inaurudisha kwenye mawe. Ni duara. Ukivunja duara mahali pamoja tu, treni inasimama. Pantografu inakaa juu ya kipande cha mbao, isiguse bati. Ikigusa bati, umeme unarudi nyumbani bila kufanya kazi, na mawe ya tochi yanaisha bure na kupata joto.

Komeo la mlango ndilo fundisho lililotupendeza zaidi. Kando ya kila njia ya ubao unaoteleza kuna komeo moja. Kwenye ubao mkubwa kuna tundu moja tu la chuma, nalo limeungwa na mawe ya tochi. Ukifunga komeo la njia ya pili, mambo mawili yanatendeka pamoja: reli zinakutana sawasawa, na moto unaingia kwenye waya wa njia ya pili kupitia chuma cha komeo. Waya za njia ya kwanza na ya tatu hazina kitu, kwa sababu makomeo yao hayafiki kwenye tundu. Treni zilizo chini yake zimelala. Wajenzi wa treni ndogo wa Uingereza wametumia makomeo namna hii tangu zamani, na hata depo kubwa za kweli zina mpango unaofanana: kila njia ina swichi yake, na kabla fundi hajapanda juu ya lokomotivu, moto wa njia ile unakatwa, kisha waya unaunganishwa na ardhi kwa fimbo maalumu, ili kama mtu akirudisha moto kwa kosa, usimfikie fundi.

Lokomotivu ikikataa kutembea, tulikataza watoto kuipiga au kuisukuma. Kuna taa ndogo ya tochi yenye nyaya mbili. Waya mmoja unaugusisha kwenye reli, mwingine unaugusisha mahali pa kwanza baada ya mawe, kisha pa pili, kisha pa tatu. Taa ikiwaka, moto umefika pale. Ikikataa, kosa liko kati ya mahali hapa na mahali pa mwisho ilipowaka. Msichana wa miaka kumi na moja ndiye aliyegundua siku moja kwamba moto ulifika mpaka kwenye mkono wa juu lakini haukurudi: gurudumu moja lilikuwa na rangi bado, na lingine lilikuwa na mafuta ya mikono. Hakukisia. Alitafuta hatua kwa hatua kama mtu anayetafuta shilingi katika unga.

Tunasema neno hili kwa wamama wote: msichana huyo alikosa siku mbili kati ya sita, kwa sababu ya maji na kwa sababu ya mtoto wa kubeba. Kaka yake hakukosa hata moja. Tunajua maji hayajileti yenyewe, na hatuna ubishi juu ya kazi za nyumbani. Tunaomba tu saa mbili za siku ya posho. Zikigawanywa kati ya kaka na dada, zote mbili zinapatikana.

Mama mmoja alitupinga

Siku ya posho ya tatu mama mmoja wa chama chetu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye reli, alisimama mlangoni akatazama, kisha akasema mbele ya wote: «Walimu, samahani. Mimi kwa miaka yote ninamwambia mwanangu: waya ule ni kifo. Leo ninamkuta ameushika kwa vidole, na ninyi mnacheka naye. Akitoka hapa atakumbuka maneno yangu au atakumbuka mchezo wenu?»

Hakuna aliyecheka tena. Mama alikuwa na haki. Juu ya meza kuna volti 6. Kule nje kuna 25,000. Mtoto anayegusa ya meza hasikii kitu, na mwili wake unajifunza kwamba waya wa juu ni rafiki. Tulisimamisha kazi, tukaketi, wazazi na watoto, na kutokana na maneno ya mama yule tulibadilisha mambo matatu. Tunayaandika hapa ili kikundi chochote kitakachoanza kazi hii kianze nayo.

La kwanza ni sheria ya mkono. Komeo likiwa limefungwa, hakuna mkono wa mtu juu ya njia ile, hata kama treni imesimama, hata kama ni mwalimu. Unafungua komeo, unasema kwa sauti «moto umekatwa», mwenzako anajibu, ndipo unagusa. Volti 6 haziwezi kumwumiza mtoto, lakini tunalinda mazoea yake. Aliyesahau alikaa nje ya meza kwa robo saa.

La pili ni somo la ndege. Kila mtoto huuliza mbona ndege anakaa juu ya waya na hafi. Tulichukua taa ndogo tukagusisha nyaya zake zote mbili kwenye waya wa juu. Haikuwaka. Tukaacha mmoja juu na kuushusha wa pili kwenye reli. Ikawaka. Ndege anagusa waya peke yake, umeme hauna mahali pa kupita ndani yake. Mtoto aliye juu ya behewa miguu yake iko juu ya chuma, chuma kiko juu ya reli, reli iko juu ya ardhi. Yeye ndiye taa. Watoto walinyamaza walipoona, na mvulana wa mama yule ndiye aliyesema: «Basi behewa ni mguu wa pili.»

La tatu ni kusema waziwazi mahali ambapo meza inadanganya. Juu ya meza moto haupiti mpaka ugusane chuma kwa chuma. Kwa volti 25,000 si hivyo. Umeme ule unaweza kuruka hewani na kumshika mtu ambaye hajagusa waya, amekaribia tu. Hakuna njia ya kuonyesha jambo hili kwa mawe ya tochi, wala tusijaribu kwa umeme wa nyumba. Linapaswa kusemwa kwa mdomo, tena na tena. Tuliwapeleka watoto, pamoja na wazazi, kusimama mbali na njia na kutazama zile sahani zilizopangwa mahali waya unaposhikwa na nguzo. Tuliwauliza: kama moto huu ungekuwa mpole kama wetu, wangeweka sahani zote hizi kwa sababu gani? Sisi fremu ya mti ilitutosha.

Mama yule hakusema kwamba ameridhika. Alisema atangoja aone. Lakini tangu siku ile anakuja na kukaa kwenye kiti karibu na mlango, na watoto wakisahau kusema «moto umekatwa», yeye ndiye anayesema «Hee!»

Maneno ya kushika nyumbani

Wamama, hata kama hamtajenga kitu chochote, tunawaomba muwafundishe watoto maneno haya, na kuwauliza tena baada ya siku chache.

Waya hauonyeshi kama una moto. Hata siku ambayo treni haipiti, hata mwezi ambao treni haipiti, hesabu kwamba moto uko.

Usipande juu ya behewa, hata lililosimama, hata kuchukua mpira.

Usirushe kamba, waya wala mti karibu na waya wa juu. Tiara ikinaswa, iache. Kamba iliyolowa inapitisha umeme.

Kaa mbali na waya zaidi ya mita 3, wewe na kitu chochote ulichobeba. Mwenye ngazi ndefu au bomba refu la chuma begani alibebe likilala.

Waya ukianguka chini, usiukaribie, wala usimvute mtu aliyeshikwa nao. Kimbieni kuwaambia watu wa reli, na mzuie wengine wasipite.

Na la mwisho: mtu mzima akimwomba mtoto alete shaba bila kumwuliza inatoka wapi, mtu yule hamtakii mema mtoto huyo. Feza anazotoa ni kidogo, na hatari yote inabaki kwa mtoto na kwa mama yake.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu

Msianze na njia tatu. Jengeni kwanza njia moja fupi yenye waya mmoja, mpaka lokomotivu iende na kurudi bila kusimama. Kuirudisha nyuma ni kugeuza nyaya mbili za mawe ya tochi, na mota nyingi ndogo zitazunguka upande mwingine. Ndipo muongeze ubao unaoteleza. Msugue waya wa juu na reli kwa karatasi ya msasa kila juma, maana vumbi letu jekundu linafunika shaba upesi. Mfundi wa redio wa kartiye anaweza kuwaunganishia mota kwa muda mfupi. Mawe ya tochi myatoe kila mkimaliza, mtu mzima ayatunze. Na mtoto asichomeke waya wowote kwenye prizi ya nyumba, hata kwa kujaribu, hata mara moja.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi juma hili: Watoto wetu wanapita wapi wakienda masomo, na ni mahali gani wanakaribia waya wa juu? Nani kati yetu anaweza kuketi na watoto kwa saa mbili siku ya posho? Binti zetu watapataje saa zile? Na je, mama aliyetupinga alisema kweli kuliko sisi? Tunaomba mtuletee majibu yenu kwenye mkutano wa chama. Ulizo la mwisho sisi wenyewe bado tunalizungumza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

Juma lijalo tutaongea juu ya mtoto anayesoma kwa sauti lakini haelewi anachosoma. Mkae salama, wamama.